Darasa la Jumamosi la kubalehe kwa watoto wenye ulemavu wa akili, maoni yangu baada ya wiki sita

Jamani naandika hii kwa wazazi wenzangu maana mimi nilitafuta maoni kabla sijalipia nikakosa. Binti yangu ana miaka 14, ana ulemavu wa akili, na mwaka jana alipoona damu mara ya kwanza bibi yake akashangilia "mjukuu wangu kavunja ungo!" Mtoto akaangua kilio, akakimbia jikoni akarudi na ungo mkononi kutuonyesha mzima, hajavunja kitu. Siku hiyo ndo nikaona sisi watu wa Tanga tumejaa mafumbo kuhusu mwili, kuvunja ungo, kuingia mwezini, huko chini, na kungwi naye mambo yake ni nyimbo na vitendawili, sasa mtoto anayelishika neno kama lilivyo ataambulia nini?

Darasa ni Jumamosi sita, elfu kumi kwa siku, watoto nane tu na mzazi unakaa humohumo ndani. Pale kitu kinaitwa jina lake. Uke, uume, matiti, hedhi. Siku ya kwanza niliona aibu mpaka nikainama, lakini watoto wala, kwao ni maneno kama goti na kiwiko.

Somo la pedi ndo bora kuliko yote. Wanadondosha rangi nyekundu ya chakula kwenye pedi, mtoto anaiona, anaibandua kwenye chupi ya kweli, anakunja, anatupa kwenye ndoo, anabandika mpya, ananawa, na kila hatua ina picha yake na seti unapewa ukabandike chooni kwako. Binti yangu karudia hilo zoezi sijui mara ngapi, sasa hivi anajibadilisha mwenyewe, kunawa ndo bado anasahau.

Halafu kuna hili, limeninyima usingizi. Mimi nyumbani kila siku namwambia "usikubali mtu akuguse vibaya" nikajua nimemaliza kazi. Mwalimu akamuuliza vibaya ni vipi? Akajibu, kupigwa. Yaani mtu akimshika taratibu huku anampa soda, kwake huyo mtu mzuri! Na sio mambo ya kudhania, kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2012, hatari ya ukatili wa kingono kwa watoto wenye ulemavu wa akili ni mara 4.6 ukilinganisha na wasio na ulemavu. Pale darasani "vibaya" hawaitumii, wanasema panapofunikwa na chupi hapaguswi, labda unasaidiwa kuoga au uko kwa daktari na mama yupo, na mtu akikwambia ni siri yetu njoo useme. Wanafanya na igizo, mtoto anatoa shikamoo kwa mtu mzima halafu mtoto anamwambia mtu huyohuyo SITAKI kwa sauti. Watoto wetu tumewafundisha kutii kila mkubwa, hapo walihangaika kweli, wa kwangu ilimchukua Jumamosi mbili sauti kutoka.

Kasoro zipo na nimewaambia. Kuna mkeka wa duara za rangi, ndani familia wa kukumbatiana, inayofuata majirani wa kupeana mkono, nje kabisa konda wa daladala na wapita njia. Sasa mjomba na baba mdogo wote wakawekwa duara la ndani bila maelezo, na sote tunajua wanaoharibu watoto mara nyingi ni walewale wa ndani. Mama mmoja akauliza, ndo wakaongeza kuwa sheria ya chupi ni kwa kila duara, ilitakiwa ianze nayo. Wavulana nao wamepewa siku moja tu, ndoto nyevu, kujichua kwamba ni chumbani mlango umefungwa, vyote haraka haraka, wakati mama wa kijana wa miaka 16 pale alikuwa na maswali ya wiki nzima. Ukumbi uko ghorofani, kijana wa kiti cha magurudumu alikuwa anabebwa ngazini kama gunia, hilo limeniuma sana. Na mtoto asiyeongea kabisa hakuwa na kadi ya kuonyesha "hapana" mpaka Jumamosi ya nne.

Kwa binti mwenye hedhi mpeleke, hiyo elfu sitini nimeilipa kwa moyo mmoja. Nendeni na chupi anazovaa kila siku na pedi za aina anayotumia nyumbani, maana za pale zina mabawa na wa kwangu alichanganyikiwa. Ile namba 116 ya huduma kwa mtoto, ya bure, wanaibandika nyuma ya kadi, mimi nimeipeleka na kwa bibi yake. Na bibi siku hizi anasema hedhi.