Boksi gani la TV ununue wakati programu unayoitaka bado ni fununu

Ukiuliza dukani kama boksi lina programu unayoitaka, ukajibiwa "inakuja, we chukua tu", rudisha hela mfukoni. Muuzaji huenda hadanganyi. Amesikia fununu zilezile ulizozisikia wewe. Lakini programu ya filamu au mpira kuingia kwenye kifaa fulani ni suala la mikataba kuliko ufundi, na mikataba ya kampuni hizi hujivuta.

Yaliyokwisha kutokea yanatosha kutufundisha. Oktoba 2015 Amazon iliacha kuuza Apple TV, kifaa cha Apple, kwenye duka lake, ikisema hakifanyi kazi vizuri na huduma yake ya filamu, Prime Video. Juni 2017 mkuu wa Apple, Tim Cook, alipanda jukwaani akatangaza kuwa Prime Video inakuja Apple TV kabla mwaka haujaisha. Ikafika Desemba. Hapo alitamka mkuu wa kampuni mwenyewe, na bado watu walingoja nusu mwaka. HBO Max nayo, huduma ya filamu, ilianza Marekani tarehe 27 Mei 2020 ikiwa haimo kwenye Fire TV ya Amazon wala Roku, ingawa nyumba nyingi za huko zinatumia vifaa hivyo. Fire TV iliipata Novemba, Roku ikaipata katikati ya Desemba, baada ya mvutano mrefu wa fedha. Na programu iliyomo inaweza kutoka: YouTube iliondoka Fire TV mwaka 2017 ukielekea kuisha kwa ugomvi wa Google na Amazon, ikarudi Julai 2019.

Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi kwa swali moja tu: unachotaka kutazama kinapatikana leo, na kisipopatikana una njia gani nyingine?

Chaguo langu la kwanza, kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, ni boksi la Google TV, mfumo wa Google wa runinga, lenye kibali halali cha Google, na hasa Xiaomi TV Box S. Toleo la pili, la mwaka 2023, lina 4K (picha kali kuliko HD) na Dolby Vision ya kuboresha rangi na mwanga, RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 8. Nafasi hiyo ni finyu, kwa hiyo usilijaze michezo; weka programu zako tano sita za kutazama, basi. Sababu ya kulitanguliza ni kwamba lina Chromecast ndani yake, yaani uwezo wa kupokea picha inayorushwa kutoka kwenye simu. Programu isipokuwa na toleo la TV, lakini ya kwenye simu yako ikawa na alama ya kurusha, unabonyeza na picha inahamia kwenye runinga. Hapo fununu hazikusumbui tena. Nayo kampuni ya utangazaji ya hapa kwetu ikitengeneza programu, haiwezi kuziacha simu za Android, ndizo zilizojaa mikononi mwa watu, na kutoka hapo hadi Google TV si mbali.

Mwenye uwezo zaidi atazame Google TV Streamer, iliyotoka Septemba 2024 kwa dola 100 huko Marekani. Ina GB 32 za nafasi, RAM ya GB 4 na tundu la waya wa intaneti. Ndiyo iliyochukua nafasi ya kile kifaa kidogo kilichoitwa Chromecast, ambacho Google ilitangaza Agosti mwaka huohuo kwamba haikitengenezi tena; uwezo wa kurusha picha wenyewe bado upo.

Usiruhusu neno 4K likupandishie bei bila sababu. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inakula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Nyumba inayotegemea bando la simu itaishia kushusha ubora wa picha, boksi liwe la bei gani.

Namba mbili ni Apple TV 4K. Kwa wepesi na utulivu, katika vifaa vya bei ya kawaida sijaona kinachokishinda. Toleo la 2022 lilianza kwa dola 129 lenye GB 64, na dola 149 lenye GB 128 na tundu la waya. Waya wa HDMI unajinunulia mwenyewe. Kinafaa kama nyumba yenu ni ya iPhone, maana AirPlay inarusha picha kutoka kwenye simu, ingawa si kila kampuni inaikubali. Netflix iliiondoa mwaka 2019. Kabla hujalipa, mwombe mwenye nacho aingie kwenye App Store ya TV hiyo na kutafuta programu yako. Kuiona kwenye iPhone hakutoshi.

Fire TV Stick ya Amazon naiweka ya tatu. Ni ya bei nafuu na inatosha kwa Netflix, YouTube na Prime Video. Tahadhari ni moja, na ni kubwa: Fire TV Stick 4K Select ya mwaka 2025 haitumii tena mfumo uliotokana na Android, inatumia Vega, mfumo wa Amazon wenyewe. Ile njia waliyoizoea wengi, ya kupakia faili la APK wakati programu haimo dukani, humo haipo. Soma jina kamili kwenye kasha.

Roku ni nzuri kwa ndugu aliyeko Marekani au Uingereza. Akikuuliza akuletee zawadi, mwambie asihangaike nayo. Duka lake la programu limejengwa kwa ajili ya masoko mengine.

Sasa yale maboksi meusi yasiyo na jina linaloeleweka, yanayouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, yakiwa na ahadi ya "chaneli zote bure". Haya siyapi nafasi yoyote. Mengi yanaendeshwa na Android ya simu, ndiyo maana rimoti inakuja na kishale cha kipanya. Ulinzi wa video wa Widevine humo mara nyingi ni ngazi ya chini, L3, badala ya ile ya juu, L1, kwa hiyo Netflix ikifunguka itakupa picha hafifu hata kama kasha limeandikwa 8K. La kutisha zaidi ni usalama. Januari 2023 mtafiti mmoja alikuta programu hasidi ndani ya boksi la T95 kabla hata hajaliwekea kitu, na Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya namna hii vilivyoambukizwa. Boksi likikutaka uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hasidi, lichomoe. Intaneti hiyohiyo ndiyo unayofanyia miamala ya benki.

Ukiwa dukani, omba boksi liwashwe na liunganishwe na hotspoti ya simu yako. Fungua Play Store, andika jina la programu unayoitaka: ya Azam kama roho yako iko Ligi Kuu, DStv Stream kama ni Ligi ya Uingereza. Ikionekana, isakinishe palepale na uicheze. Pakia pia DRM Info, itakuonyesha kama Widevine ni L1. Muuzaji mwenye bidhaa halali hatakunyima hilo.

Wanaonunua mtumba wageuze kifaa na kusoma namba iliyo chini. Apple TV yenye A1427 au A1469 ni ya kizazi cha tatu. Haina App Store, na YouTube iliondolewa humo Machi 2021. Iache. Ya kuanzia ni A1625, ya mwaka 2015. Baadhi ya Roku za kwanza nazo zilipoteza Netflix tarehe 1 Desemba 2019, na hakuna sasisho litakaloirudisha.