CRS317 na jedwali zima la intaneti: chipu inabeba ruti ngapi?

Wadau wa mitandao, karibuni. Mezani leo ni MikroTik CRS317, swichi ya milango 16 ya SFP+, kila mmoja gigabiti 10, pawasaplai mbili ndani. Wenye ISP ndogo (kampuni za kuuza intaneti) hapa Dar hawaachi kuuliza: naweza kuimwagia jedwali zima la ruti za intaneti, yaani orodha ya njia za kufika kila mtandao duniani?

Huwezi. Ila ukiipima vibaya itakudanganya kwamba unaweza.

Jedwali la IPv4 sasa lina ruti karibu milioni 1, na IPv6 zaidi ya 200,000. Chipu ya swichi hii, inayopitisha pakiti bila kuisumbua prosesa, kwa takwimu za MikroTik wenyewe, inabeba ruti za IPv4 kati ya 120,000 na 240,000. Pengo lote hilo la nini? Prefiksi ni kundi la anwani, na namba baada ya / ni urefu wake kwa biti. Zile za baiti kamili, yaani /8, /16 na /24, zinakula nafasi ndogo. /22 au /19 zinakula zaidi. Kwa hiyo mtu akitengeneza /24 tupu kwa skripti, zinaingia nyingi na anafurahi bure. Intaneti halisi ni mchanganyiko.

Pakua faili la bview, nakala ya jedwali halisi inayokusanywa na RIPE RIS, halilipiwi. Kwenye swichi washa kwanza l3-hw-offloading=yes (kuhamishia ruti kwenye chipu), maana bila hiyo unapima prosesa tu. Kwenye Linux endesha GoBGP, programu ya BGP (itifaki ya rauta kupeana ruti), iunganishe na swichi, kisha limwage faili hilo kwa "gobgp mrt inject global". Weka --only-best, la sivyo kompyuta itabeba nakala kibao za prefiksi ileile mpaka RAM iishe. Hakikisha pia hop inayofuata, yaani kifaa ambacho ruti inakipelekea pakiti, inafikika. Isipofikika, ruti zitapokelewa lakini hazitakuwa hai, na chipu haitaguswa kabisa. Hapa wengi hukwama, wakidhani swichi ni mbovu.

Usimwage zote kwa mkupuo. Anza na 50,000, ongeza elfu hamsini hamsini, na kila hatua fungua monitor ya l3hw-settings. Tazama ipv4-routes-hw (ruti zilizo kwenye chipu) na ipv4-routes-cpu (zilizobaki kwa prosesa). Ya kwanza ikigota na ya pili ikaanza kupanda, umefika ukingoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Chipu hupokea prefiksi ndefu kwanza. Ni lazima: /16 ikikaa kwenye chipu huku /24 yake imebaki kwa prosesa, pakiti zitafuata /16 na kupotea njia. Matokeo yake, ikijaa, ruti fupi ndizo zinazotupwa kwa prosesa, na default, ruti ya anwani zote zisizo na ruti yao, ndiyo fupi kuliko zote. Ping itapita vizuri kabisa, BGP iko juu, kila kitu kijani. Tuma gigabiti kadhaa kwa TRex, programu ya kutengeneza trafiki ya majaribio, kwenda anwani nyingi tofauti si moja, uone prosesa inavyogonga asilimia 100 na pakiti zinavyodondoka.

Si ugonjwa wa MikroTik peke yao. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la dunia lilivuka ruti 512,000, na rauta nyingi za kampuni kubwa zilizotengewa nafasi hiyo zikayumba.

Hukumu yangu? Kwa ISP ya Dar, chukua default kutoka kwa anayekuuzia intaneti, ongeza ruti za TIX, kituo ambako mitandao ya Tanzania hubadilishana trafiki, zote zikae kwenye chipu. Kwa kazi hiyo mashine hii naipitisha. Unataka jedwali zima? Liweke kwenye rauta yenye RAM ya kutosha, na hii ibaki swichi.