Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: ununue nini kwanza?

Ukilalamika kwamba kompyuta yako imekuwa nzito, wa kwanza kukusikia atakwambia uongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu unazotumia hukaa. Huenda yuko sahihi. Lakini nimeona watu wengi wakitoa hela zao, wakafunga RAM mpya, na mashine ikabaki vilevile kwa sababu iliyokuwa inaichelewesha ni diski.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, kisha ingia Performance. Usipime mashine ikiwa imetulia. Fungua kila unachotumia kwa siku ya kawaida, kivinjari na vichupo vyake vyote, hati, mazungumzo ya video, halafu ndipo utazame. Disk ikiganda kwenye asilimia 100 huku Memory (yaani RAM) ikiwa nusu tu, mgonjwa ni diski. Memory ikikaa karibu na 90 muda mrefu, RAM haitoshi. Vyote vikiwa juu, RAM imejaa na mfumo unahamishia mizigo yake kwenye diski, nayo inalemewa. Wenye Mac watazame rangi ya Memory Pressure ndani ya Activity Monitor: kijani ni salama, nyekundu ni dhiki.

Ukiwa hapohapo kwenye Task Manager, zima programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapoanza. Hilo ni bure.

1. SSD, kama bado unatumia diski ya kuzunguka

Naiweka ya kwanza bila kusita. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaohama kutafuta data, na kila safari huchukua kama milisekunde 10. Kuwasha Windows au kufungua kivinjari ni kusoma maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, basi safari hizo zinajumlishwa hadi unakaa dakika nzima ukisubiri. SSD ni diski ya chipu tupu, haina kitu kinachotembea. Hufika kwenye data kwa sehemu ndogo sana ya muda huo.

Wauzaji watakuvutia kwa namba. SATA na NVMe ni njia mbili za SSD kuwasiliana na kompyuta: ya SATA hufikia kama MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe hata 3,500 au zaidi. Kwa kazi za nyumbani, tofauti utakayoisikia mwilini ni ile ya kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe utaiona zaidi unaponakili mafaili makubwa. Kama mashine yako inapokea SATA ya inchi 2.5 tu, nunua hiyo na usisononeke.

Angalia sana zile nyembamba za M.2. Umbo ni lilelile, ila nyingine ni za SATA na nyingine ni za NVMe, na sloti yako huenda inakubali aina moja tu. Soma kitabu cha mashine kwanza. Chukua angalau GB 256, na ukiweza GB 500, maana SSD inayokaribia kujaa hupungua kasi. Na ukiona SSD ya ujazo mkubwa mno kwa bei ya kutupwa, ipite. Zipo bandia zinazotangaza ujazo zisio nao, na utagundua siku mafaili yako yatakapokuwa yamefutana.

2. RAM, kama kipimo kimesema imejaa

Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye GB 4, lakini hapo haina pumzi. GB 8 zinatosha kwa kuandika na kuperuzi kwa kiasi. Mimi nashauri 16 kwa nyumba ya kawaida. GB 32 ni za anayehariri video au kuendesha mifumo kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa mwingine zitakaa bila kazi.

Kosa kubwa hapa ni kununua isiyoingia. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi tofauti vya RAM na hazibadilishani, na pengo la chini limekatwa mahali tofauti ili usilazimishe. Za kompyuta ya mezani ni ndefu, za laptopu ni fupi na huitwa SODIMM. Mimi niliwahi kununua DDR3 ya volti 1.5 kwa laptopu iliyotaka DDR3L ya volti 1.35. Ilikaa vizuri kwenye sloti, lakini mashine haikuwaka. Tangu siku hiyo nachomoa kipande cha zamani kwanza na kusoma karatasi yake.

Vipande viwili vya GB 8 hushinda kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote sambamba. Faida hiyo huonekana zaidi kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, ambayo hukopa RAM hiyohiyo kuchora skrini. Hakikisha pia kwamba Windows yako ni ya biti 64; ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4. Na laptopu nyingi nyembamba, pamoja na Mac zote za prosesa za M zilizoanza kutoka mwaka 2020, hazina nafasi ya kuongeza RAM kabisa.

3. Usafi wa feni

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe. Kama mashine huanza vizuri na kuzorota baada ya nusu saa huku feni ikivuma, ondoa vumbi na ubadilishe ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa.

4. Mashine nyingine

Nunua nyingine pale RAM inapokuwa GB 4 zisizoongezeka, au CPU (prosesa) inapokaa kwenye asilimia 100 kwa kazi ndogo. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine. Mashine isiyo nayo bado inaweza kuendeshwa vizuri na Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows. Ukinunua, prosesa ya kati yenye SSD na GB 16 itakufaa kuliko prosesa ya kifahari yenye GB 4.

5. Programu za "kusafisha RAM"

Usizinunue. Mfumo hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi vitu utakavyovihitaji tena. Programu hizi huvisukuma nje ili namba ionekane ndogo, kisha kompyuta inavisoma upya kutoka kwenye diski.

Ukishafunga RAM mpya, endesha Windows Memory Diagnostic siku hiyohiyo, au MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja likijitokeza, rudisha kipande hicho dukani muda wa kurudisha ukiwa bado haujaisha.