Rashomon kwa vikundi vya mjadala Kisumu: chukueni, lakini iandaliwe

Kikundi kinachotaka kujadili ukweli na uongo kitapata mengi katika Rashomon, filamu ya mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa iliyotoka mwaka 1950. Ina dakika 88 tu, hivyo muda wa kuzungumza unabaki.

Samurai ameuawa msituni. Wanatoa ushahidi jambazi, mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kupitia kinywa cha mganga. Mkata kuni anaongeza wake baadaye. Watazamaji wengi huishia kusema kila mtu ana ukweli wake, na hapo wanaipunja. Jambazi anasema ameua yeye. Mke anadokeza ni yeye. Marehemu anasema alijiua. Mwongo tuliyemzoea hukana kosa, ilhali hawa wanaling'ang'ania, kwa sababu kila mmoja aona heri damu kuliko aibu ya kuonekana dhaifu. Anzeni na swali hilo: wanalinda nini? Hakimu naye haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanamkabili mtazamaji, aamue yeye.

Kuna sentensi moja isiyofaa kupotea: marehemu anasema alihisi mtu akichomoa kisu kifuani mwake. Ndiyo inayomnasa mkata kuni mwishoni, kwani kisu alikichukua yeye. Lugha ni Kijapani, kwa hiyo maandishi ya chini yakichelewa, hoja nzima imekwenda. Faili ya maandishi ipewe jina lile lile la filamu na ikae folda moja nayo. Kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, herufi G na H huyasogeza nyuma au mbele kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza.

Picha yake inakaribia mraba. Runinga au projekta ikiivuta ijaze skrini, nyuso zinakuwa pana, hivyo kwenye mipangilio chagueni uwiano wa picha wa 4:3. Tena ni nyeusi na nyeupe, na mwanga unaopenya majani ndio uhai wa sehemu za msituni. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, basi ukumbi usio na mapazia usianze kabla ya saa moja na nusu.

Mwisho wenye mtoto mchanga aliyetupwa ni dhaifu; matumaini yanakuja kwa haraka mno. Kisa pia kina ubakaji, ingawa hauonyeshwi waziwazi. Watu waambiwe mapema, na mwenye kuongoza asiruhusu mjadala ugeuke kesi ya mwanamke peke yake, kwani wanaume wote watatu wana la kujibu.