Sacubitril na valsartan: tathmini ya kidonge cha moyo kwa mnunuzi wa Tanga

Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu, na eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) inaonyesha nguvu ya kusukuma ya asilimia 40 au chini, kidonge hiki kinaishinda enalapril, dawa ya zamani ya maradhi hayohayo. Utafiti wa mwaka 2014 wa wagonjwa zaidi ya 8,000 ulilinganisha dawa hizo mbili: waliomeza mchanganyiko huu walipungukiwa kwa asilimia 20 na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kulazwa kwa moyo kushindwa. Tabu yake iko kwenye namna ya kuanza, halafu kwenye mfuko. Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapwa kwenye boksi, mtu asibabaike mbele ya mfamasia.

Iliyotangulia sokoni ni Entresto ya Novartis. Siku hizi zipo za viwanda vingine, vikiwemo vya India. Fujo huanzia kwenye namba. Boksi moja limeandikwa 24/26, jingine 50, na dozi ni ileile: miligramu 24 za sacubitril na 26 za valsartan ukijumlisha unapata 50. Vivyo hivyo 49/51 ni 100, na 97/103 ni 200. Aliyeandikiwa 49/51 akachukua boksi la 50 kwa kuwa namba zinafanana, anameza nusu ya dawa yake mwezi mzima bila kujua.

Kwa nini dawa mbili ndani ya kidonge kimoja? Moyo ukielemewa, mwili hutoa homoni za kusukuma nje chumvi na maji na kulegeza mishipa. Kimeng'enya kiitwacho neprilisini huzivunja mapema. Sacubitril hukizuia ili zidumu. Lakini kimeng'enya hichohicho huvunja pia anjiotensini, ile inayobana mishipa, kwa hiyo ukikizuia peke yake, anjiotensini nayo inajaa. Valsartan imewekwa kuifungia mlango.

Neprilisini ina kazi nyingine tena: inavunja bradikinini, kemikali ya mwili inayoweza kuleta uvimbe. Captopril, enalapril na lisinopril nazo huzuia bradikinini isivunjwe. Zikikutana na sacubitril mwilini, midomo, ulimi na koo vinaweza kuvimba hadi pumzi ikakatika, na sisi watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya uvimbe huo. Ndiyo sababu ya saa 36. Aliyemeza enalapril ya mwisho Jumamosi saa 2 usiku, kidonge kipya akianze Jumatatu saa 2 asubuhi, si kabla. Akirudi kwenye enalapril, angoje vilevile. Aliyekuwa kwenye losartan, ndugu wa valsartan, hana haja ya kungoja. Anaiacha kabisa na kuanza hiki dozi inayofuata. Aliyewahi kuvimba hivyo kwa dawa za kundi la captopril asiiguse kabisa, na mjamzito vilevile.

Dozi ni mara mbili kwa siku, kabla au baada ya chakula. Wengi huanza na 49/51. Ambaye hajawahi kutumia dawa za kundi la captopril wala la losartan, au ambaye figo zake ni dhaifu sana, huanza na 24/26. Kila wiki 2 hadi 4 daktari huongeza maradufu mpaka 97/103, mwili ukistahimili. Kidonge kimezwe kizima. Kukikata ili boksi lifike mwisho wa mwezi hakushauriwi. Umesahau? Meza ukikumbuka, ila kama saa ya kinachofuata imekaribia, ruka, usimeze viwili.

Kinachowakwamisha wengi ni presha kushuka. Namba ya juu ikiwa chini ya 100, dawa haianzwi. Wakati mwingine kizunguzungu hutokana na Lasix, dawa ya kukojoza, iliyobaki kwenye dozi ya zamani, na daktari akiipunguza mgonjwa hutulia. Kwenye Ramadhani, futari na daku hubeba dozi mbili, lakini kukosa maji mchana kutwa ndiko kunakoangusha presha. Ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kriatinini (kipimo cha figo) na potasiamu zipimwe wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza na baada ya kila kuongeza dozi, iwe hospitali ya Bombo au kwingine. Potasiamu ikipita 5.4 kabla ya kuanza, subiri. Hapa Tanga madafu na machungwa ya Muheza, yenye potasiamu nyingi, hayakosekani, na mgonjwa aliye pia kwenye spironolactone, dawa inayobakiza potasiamu mwilini, akinywa madafu kila siku anajitafutia balaa. "Chumvi ya wagonjwa" mara nyingi ina potasiamu nyingi. Ng'onda na papa mkavu nao, kwa chumvi yao, wanarudisha maji mguuni. Diclofenac ya maumivu ya mgongo huweza kuumiza figo.

Joto lisizidi nyuzi 30, na miezi ya kaskazi hilo ni gumu. Vidonge vibaki kwenye karatasi yake, maana unyevunyevu wa pwani huviharibu. Usivihamishie kikopo wala kuviweka jikoni.

Bei inaiacha enalapril mbali. Kama huna uhakika wa kununua miezi yote, enalapril pamoja na carvedilol na spironolactone kila siku ni afadhali kuliko hiki cha kukatiza. Na si dawa ya duka la dawa baridi. Ukizunguka famasi za Ngamiani na cheti mkononi, uliza kwanza wana maboksi mangapi ya nguvu yako, kisha soma tarehe ya mwisho kabla hujatoa hela.