Klipsch Heresy IV: spika inayotosheka na wati nane

Naanza na hukumu. Kama amplifaya yako ni ya wati chache, hasa ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), zisikilize Heresy IV kabla hujanunua kitu kingine chochote. Kama unachotafuta ni besi ya kutikisa sakafu, usizinunue bila sabufa, spika ya ziada ya besi tu.

Amplifaya yangu inatumia valvu za 300B, zile zilizotolewa na Western Electric mwaka 1938, moja kwa kila upande. Inatoa wati nane hivi, na ninapomtajia mtu idadi hiyo huuliza zimebaki wapi nyingine. Tumezoea kununua wati. Namba ya wati huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la amplifaya, ilhali inayoamua mambo imejificha kwenye karatasi ya spika: desibeli ngapi, yaani ukubwa gani wa sauti, zinapatikana mita moja mbele ya spika ikipewa wati moja tu. Kwa Heresy IV kiwanda kinasema 99. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 88.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila ukiongeza desibeli 3 unadai umeme mara mbili, na ukiongeza 10 unadai mara kumi. Ipe spika ya desibeli 86 wati zangu nane, itafika 95. Heresy, kwa namba ya kiwanda, itafika 108. Ili ile ya kwanza ifike hapo hapo, itahitaji wati 160.

Ila namba ya kiwanda isomwe kwa makini, na hapa ndipo ningependa kila mnunuzi atulie kidogo. Kuna wanaopima spika kwenye chumba kisicho na mwangwi, na kuna wanaopima kwenye chumba cha kawaida, ambako kuta na sakafu huongeza desibeli kadhaa. Mimi nikiona namba ya juu hivi huikata 4 kichwani kabla ya kupiga hesabu. Hata hivyo 95 inabaki ni kubwa: wati nane zinanifikisha 104 kwa mita moja, na spika ziko mbili. Halafu tazama omu, kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme. Vipimo vingi havifanywi kwa wati moja hasa bali kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati moja. Kwa spika ya omu 4 ni wati mbili. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 90 ni ya 87 ukiihesabu kwa wati. Na omu zinazoandikwa ni za jumla tu, kwa sababu ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka kwenye besi kwenda juu. Amplifaya ya valvu inajisikia vibaya sana inapokutana na spika inayoshuka hadi omu 3 katika besi. Usinunue kwa kufuata desibeli peke yake. Uliza pia zinashuka hadi omu ngapi, na wapi.

Umeme wa spika zenye desibeli chache unapotelea wapi? Unakuwa joto. Spika ya desibeli 92 inageuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, na ya 86 haifiki hata nusu ya hiyo. Kinachobaki kinaichemsha koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, na pigo la ngoma lililopaswa kuruka linatoka limebanwa. Paul W. Klipsch, aliyeanzisha kampuni hii mwaka 1946 huko Hope, Arkansas, alishikilia maisha yake yote kwamba ufanisi na usafi wa sauti huenda pamoja: koni isiyolazimika kwenda mbele na nyuma sana haipotoshi sana. Baada ya kuishi na spika hizi nakubaliana naye kabisa.

Watu hudhani spika za ufanisi mkubwa ni za kupiga kelele. Mimi nazipendea usiku, wengine wakiwa wamelala, sauti ikiwa chini ya ile ya watu wanaozungumza. Spika nyingi zikipunguzwa hivyo zinasinzia: mwimbaji unamsikia, lakini wapigaji wamerudi nyuma kabisa. Kwenye Heresy brashi ikipita juu ya ngoma ndogo unasikia inapoanza, inavyozunguka, na inapoinuliwa. Kidole kikiachia waya wa gitaa, kile kishindo kidogo cha mwanzo kinakuja kamili, halafu noti inafuata. Tarumbeta ikiingia ghafla, inaingia kweli, hata kama umepunguza sauti kiasi cha kuisikia saa ya ukutani.

Kazi hiyo inafanywa zaidi na honi mbili za juu. Nyuma ya kila honi kuna kiwambo, cha plastiki ya polyimide kwa sauti za katikati na cha titani kwa twita, inayotoa sauti za juu kabisa, na mdomo unaopanuka taratibu unakisaidia kiwambo kidogo kuusukuma wingi wa hewa bila kuhangaika. Besi inatoka kwenye koni ya inchi 12 isiyo na honi, kwa kuwa honi ya besi ingedai kasha la ukubwa wa kabati. Toleo hili la nne limetobolewa tundu nyuma, wakati yaliyotangulia yalikuwa yamezibwa kabisa, na kiwanda kinasema besi sasa inashuka hadi hezi 48 (mitetemo 48 kwa sekunde), kutoka 58 za toleo la tatu.

Hizo 48 ndizo bei unayolipia ufanisi. J. Anton Hofmann, herufi ya mwisho ya kampuni ya KLH, ndiye anayetajwa kwa kanuni isiyokwepeka: besi ya chini, kasha dogo, ufanisi mkubwa, chagua viwili. Mwaka 1954 Edgar Villchur alitoa AR-1, kasha dogo lililozibwa lenye besi ya kina, na alichotoa sadaka ni ufanisi. Transista zilipokuja na wati za bei nafuu, dunia nzima ikamfuata, nasi tukarithi spika zinazokunywa umeme. Klipsch alichagua kinyume. Waya mnene wa gitaa la besi unalia kwenye hezi 41, chini ya pale Heresy inapoishia. Noti bado utaisikia, maana masikio huijenga kutokana na milio yake ya juu, lakini ule uzito unaougusa mwili unakuwa umepungua. Kwa piano, sauti za watu na bendi ndogo sikuukosa. Kwa muziki wa kielektroniki na kinanda cha kanisa, utaukosa.

Kuzipanga kunahitaji uvumilivu. Heresy zinakaa sakafuni juu ya vitako vilivyolala kidogo, ili honi zitazame masikio ya mtu aliyeketi. Ukizileta mbali na ukuta, besi inakonda na honi zinatawala mpaka sauti ya mwanamke inakuwa kali. Nilizirudisha nyuma, kidogo kidogo, hadi zikabakiza kama shubiri mbili kufika ukutani, nikazigeuza ndani mpaka nikiwa kitini sioni ubavu wa kasha lolote. Hapo mwimbaji alisimama katikati na besi ikapata mwili. Usikae karibu sana, kwa sababu koni na honi zinahitaji nafasi ili sauti zao ziungane. Kwangu ilikuwa vizuri kuanzia mita mbili na nusu. Na chumba chenye vigae vitupu na vioo kitakuadhibu kwa spika hizi kuliko kwa nyingine. Tandika zulia kwanza.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: spika inayokuza muziki kwa urahisi inakuza na uchafu kwa urahisi huo huo. Amplifaya niliyokuwa nayo mwanzo, ya transista na yenye wati za kutosha, ilikuwa kimya kabisa kwenye spika za zamani. Kwenye Heresy ilitoa shiii ya kudumu kwenye twita, niliyoisikia nikiwa kitini kati ya wimbo na wimbo. Tena kitufe cha sauti kilikuwa hakina kazi: nikikigusa tu, chumba kimejaa, na katika sehemu ile ya mwanzo upande mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine. Kwa spika za namna hii wati ya kwanza ndiyo muhimu, kwa sababu ndiyo utakayoitumia karibu muda wote. Amplifaya yenye wati 10 safi na kimya itakufaa kuliko ya 200 yenye mchirizo.

Basi ukienda kuzisikiliza, beba amplifaya yako mwenyewe ikiwezekana. Iwashe bila muziki, weka sauti pale unapoiweka siku zote, kisha sogeza sikio kwenye twita na urudi nyuma hadi kitini. Ukiwa kitini husikii kitu, endelea. Weka rekodi ya mwimbaji mmoja na chombo kimoja, sauti ikiwa chini, na sikiliza kama kila neno linafika. Ongeza baadaye, halafu weka rekodi ile mbaya unayoipenda hata hivyo, maana honi hizi hazifichi kitu na utaishi nayo hiyo pia. Sabufa inaweza kusubiri mpaka umezipanga vizuri. Kwangu bado inasubiri.