Tahadhari kwa wawindaji wa Ohio: pinde za kapi "mpya" ambazo si mpya

Ninaandika tahadhari hii kwa ndugu wote wanaozungumza Kiswahili hapa Ohio, hasa wale waliomaliza kozi ya uwindaji mwaka huu na sasa wanatafuta upinde wa kwanza kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa mwishoni mwa Septemba. Kuna muuzaji anayezunguka katika makundi yetu ya simu akitangaza pinde za kapi "mpya kabisa, zimefungwa kila kitu, kazi yako ni kwenda porini tu", kwa dola 480. Mimi nilinunua mmoja. Haukuwa mpya, haukulingana na mwili wangu, na fundi aliyeukagua alikataa hata kuuvuta kwa mkono wake.

Tulikutana jioni katika maegesho ya duka la vyakula. Alikuwa mtu mwenye maneno mazuri, akiniita kaka tangu simu ya kwanza, na nilipomwuliza kuhusu risiti alijibu, "Kaka, sisi ni wa nyumbani, nikuuzie kitu kibovu halafu nikuangalie usoni vipi?" Upinde ulikuwa unang'aa, umefungwa kilengeo, podo na mishale sita. Aliniambia niuvute, nikauvuta mara moja, ukaja laini ajabu kwa upinde aliosema ni wa pauni 70, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta. Nilijisifu moyoni kwamba nina nguvu. Nikatuma pesa kwa simu palepale, kwa jina ambalo baadaye niligundua si lake.

Siku mbili baadaye niliupeleka kwa fundi wa pinde, mzee wa Kimarekani mwenye karakana nyuma ya duka lake, ili anifungie kitanzi cha kifyatulio, kile kidogo cha kwenye ugwe ambacho kifyatulio hukishika wakati wa kuvuta. Kabla ya kugusa kitu kingine alichukua kipande cha pamba, pamba ya kawaida ya dukani, akakipitisha polepole juu ya mabawa ya upinde, ile mikono miwili inayojipinda ukivuta, kutoka kwenye kishikio kwenda nje. Kwenye bawa la juu pamba ilipita bila kukwama. Kwenye bawa la chini, karibu na ekseli ya kapi, ilinasa na kuacha nyuzi tatu nyeupe zikiwa zimesimama kama ndevu. Hapo ndipo penye ufa, akasema, na jicho lisingeuona kwa sababu mtu ameupaka rangi juu yake. Kapi ya chini nayo ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja, na uzi unaozungushiwa ugwe pale mshale unaposhika ulikuwa umeanza kuachana.

Kwa maelezo yake, dalili hizo zikikaa pamoja maana yake huwa moja: upinde umefyatuliwa bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hubaki na kurudi kwenye mabawa, kapi na kebo, na mara moja tu yaweza kutosha kuuharibu. Ubaya wake ni kwamba mkono hauhisi hatari. Upinde wa kapi wa pauni 70 ukifika mwisho wa kuvutwa hukupunguzia mzigo kwa asilimia 80 hivi, ukabaki umeshikilia pauni 14 tu huku ukilenga, lakini nguvu yote bado imejaa kwenye mabawa yaliyo mbele ya uso wako. Bawa lenye ufa likikatika wakati huo, vipande huruka kwa kasi usiyoweza kuikwepa.

Na ule ulaini nilioufurahia? Muuzaji alikuwa amelegeza skrubu kubwa mbili zinazobana mabawa kwenye kishikio. Kipimo cha fundi kilionyesha pauni 52. Kulegeza skrubu hizo si kosa kwa lenyewe, kwani ndivyo uzito wa kuvuta unavyorekebishwa, ila kila kiwanda hutaja idadi ya mizunguko isiyopaswa kupitwa, maana bawa laweza kuchomoka kwenye kiti chake. Sheria ya hapa Ohio inadai upinde wa kuwindia kulungu uwe na angalau pauni 40, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu mpya kudanganywa kwamba bila pauni 70 hataangusha mnyama. Ningeuziwa upinde mzima wa pauni 50 ningewinda vizuri.

Jambo la pili ni kipimo cha urefu wa kuvuta, na hapa nakiri kwamba ujinga wangu ulimsaidia. Upinde wa asili unaweza kuuvuta ukaishia unapotaka, lakini wa kapi una mwisho wake, nao lazima ufuate mwili wako. Njia ya haraka ya kukadiria ni kunyoosha mikono pande zote mbili, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine kwa inchi, kisha kugawa kwa 2.5. Mimi ni inchi 68, hivyo natakiwa inchi 27. Ule upinde ulikuwa umefungwa kwa inchi 30. Muuzaji alidai "unarekebishika kwa mtu yeyote", ilhali kwa aina ile ni lazima kununua kapi nyingine nzima, ambazo fundi alisema kiwanda hakizitengenezi tena. Hata tangazo lake la kasi ya futi 340 kwa sekunde, ambalo si uongo moja kwa moja, halinihusu: viwanda hupima kasi hiyo kwa pauni 70, inchi 30 na mshale mwepesi wa greini 350 (greini ni kipimo kidogo cha uzito; 350 ni gramu 23 hivi), na kila inchi inayopungua huondoa takriban futi 10.

Mishale sita aliyonipa "zawadi" ilikuwa hatari ya peke yake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni mshale usiopungua greini 5 kwa kila pauni ya upinde, yaani greini 350 kwa upinde wa pauni 70. Ile ilikuwa na greini 310, pungufu kwa upinde aliosema ni wa pauni 70. Mshale ukiwa mwepesi kupita kiasi, upinde huanza kuumia kwa namna inayoelekea ile ya kufyatuliwa mtupu.

Nilipompigia simu hakukataa. Alisema kwa upole kwamba atanibadilishia nikiongeza dola 150, na nadhani huo ndio mtego wa pili, kwa sababu nilipotaka tukutane kwanza namba ile ikazimwa. Ndugu mwingine katika kundi letu aliniambia kuwa yeye alitakiwa kutuma nusu ya bei ili "awekewe", akatuma, na upinde hajauona mpaka leo. Nimeripoti kwa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, ile FTC, na polisi wa mji wetu wamenipa namba ya ripoti. Pesa uliyoituma mwenyewe kwa simu ni ngumu sana kuirudisha, na ukikubali kutuma PayPal kwa njia ya marafiki na familia unajiondolea ulinzi wa mnunuzi.

Tangazo limerudi wiki hii chini ya jina jingine. Litambueni kwa picha: upinde umelazwa juu ya zulia la kijivu lenye alama ya pasi kwenye kona, picha zote ni za upande wa kulia, na sehemu ya kishikio penye namba ya kiwanda imefunikwa na kitambaa. Kwenye upinde wangu namba hiyo ilikuwa imekwanguliwa. Bila namba huwezi kuuliza kiwanda chochote, ingawa hata ingekuwepo isingenipa dhamana, kwani viwanda vingi vikubwa humpa dhamana mnunuzi wa kwanza peke yake.

Anayeuza upinde wa mtumba kwa haki hatakataa mkutane dukani kwa fundi kabla hujalipa. Ukaguzi wangu uligharimu dola 20. Fundi atapitisha pamba, atapima uzito na urefu wa kuvuta, kisha ukipenda atafyatua mshale kupitia karatasi iliyotandazwa hatua chache mbele, na umbo la tundu litaonyesha kama mshale unatoka ukiwa umenyooka.

Aliyekwisha kununua kwa mtu huyu asiuvute upinde tena, wala asijaribu kukata ugwe nyumbani, kwa maana mabawa bado yamekazwa. Aupeleke kwa fundi mwenye mashine ya kubana mabawa, auvue ugwe na kebo kwa usalama. Wangu umeshavuliwa, na kishikio chake kitupu nimekihifadhi kama ushahidi. Yeyote mwenye upinde uliokwanguliwa namba mahali palepale aniandikie, tuongeze ripoti yake kwenye yangu.